Mfalme Asiyekufa wa Harumi, na Kumuaga Mwalimu Hebroni kwa Mara ya Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mzee Ambilikile. Mkuu wa Shule, Mwalimu Hebroni, ambaye leo tumekuja kumuaga. Makamu wake, Mwalimu Godwin. Walimu, wachungaji na masheikh. Wazazi mliotoka Ikolo, Mwaya na Njisi. Ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Karonga. Wahitimu wenzangu wa kidato cha nne: wakubwa wote shikamooni, na wa rika langu, habari zenu.

Kama nimemtanguliza wa nyuma au nimemsahau wa mbele, naomba radhi. Mwalimu Godwin aliniambia nikichanganyikiwa niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa. Lakini naogopa kusema kitu nisichokuwa na hakika nacho, na leo vitu vya namna hiyo ninavyo vingi.

Mimi naitwa Tulinagwe, binti wa Anyes anayeuza vitenge kule mpakani Kasumulu. Wengi wenu hamjawahi kuisikia sauti yangu. Hata baadhi ya walimu, nadhani, leo ndiyo wanaisikia vizuri kwa mara ya kwanza, na kama inatetemeka, si kipaza sauti. Sikuomba kusimama hapa. Nimesimama kwa sababu mimi ndiye niliyeandika igizo mtakaloliona baada ya hotuba hii, na kwa sababu tangu wiki iliyopita igizo hilo limeleta maneno mengi kuliko niliyoweza kuyajibu.

Mwalimu Godwin amenipa sentensi moja niiseme mbele yenu kabla wenzangu hawajaanza kucheza. Sentensi yenyewe ni hii: igizo hili halimhusu mtu yeyote. Nimeisema. Sasa naomba mniruhusu nieleze kwa nini nimeshindwa kuishia hapo.

Igizo letu linahusu nchi ya jangwa inayoitwa Harumi. Msiitafute kwenye ramani, niliitunga. Watu wameniuliza, hivi mtoto wa Kyela, aliyezaliwa kwenye mvua, akakulia kwenye mvua, ambaye kila mwezi wa nne anavuka maji kwenda shule na viatu mkononi, jangwa amelijulia wapi? Silijui. Nililichagua kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka mahali pasipo mpunga, pasipo mgomba wala mkakao, mahali ambapo hakuna mzazi atakayesimama aseme, hapa ni kwetu. Mchanga wenyewe mtakaouona jukwaani tumeuchota ufukweni Matema, na hamtausahau, maana una harufu ya dagaa.

Harumi kuna kisima kimoja tu, na kisima hicho kipo ndani ya ua wa Mfalme Zahuri. Mfalme Zahuri hafi. Amewazika babu, amewazika wajukuu, na bado ameketi palepale kando ya kisima. Siri yake ni salamu. Kila anayekuja kuchota maji lazima apige magoti mbele yake na kumwambia, uishi, Baba. Akishasema hivyo, siku moja inatoka kwenye maisha yake na kuingia kwenye maisha ya mfalme. Kwa hiyo utaona kijana anaingia uani na ndoo, uso wake laini, na baada ya safari nyingi anatoka na mvi. Watu wanajua. Wanaona kabisa. Lakini wana kiu, tena wamelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri atampitaje mzee bila kumsalimia?

Basi watu wa Harumi wanafanya mapinduzi. Hawana mikuki, hawana farasi. Mapinduzi yao ni kuingia uani na ndoo zao wakiwa wima, wote kwa pamoja, wakachota maji, wasipige goti wala wasitamke neno. Hiyo ndiyo vita nzima.

Nililiandika kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya klabu yetu ya lugha. Na kwa Kiingereza, ndugu wageni waalikwa, tulimpindua mfalme kirahisi sana. Tuliingia uani kwa vishindo, tukamtazama usoni, tukachota maji yetu tukaondoka, kama watu wanaoshuka kwenye basi. Nikadhani nimeandika kitu kizuri. Halafu uongozi wa shule ukasema, wazazi watakuwepo, wageni watakuwepo, ligeuzeni liwe Kiswahili ili kila mtu aelewe. Tukaligeuza. Hapo ndipo mapinduzi yalipokwama.

Anayecheza Mfalme Zahuri ni Gwamaka, yule mrefu aliyesimama kule pembeni na kitenge cha mama yake begani. Siku ya kwanza ya mazoezi ya Kiswahili, waasi wakaingia uani wakiwa wima, mbele yao kamanda wao Prisca, amekunja sura. Gwamaka akawatazama. Akakohoa kidogo, mkono mdomoni, kisha kwa sauti ya chini akawaambia, "Mugonile."

Jeshi zima la waasi likawa chini. Wasichana magoti, wavulana wameinama, mmoja amevua kofia. Na kamanda Prisca, ndoo imemwangukia mguuni, anaitikia kutoka sakafuni, "Ndaga, Baba."

"Jamani," Gwamaka akasema, "mnanipindua au mnanisalimia?"

"Umetusalimia kwa Kinyakyusa," Prisca akamjibu. "Hiyo haipo kwenye igizo. Umetuchezea rafu."

"Mfalme anasalimia anavyotaka. Inukeni, turudie."

Tukarudia. Wakaanguka tena. Tukakubaliana asiseme kitu, akohoe tu. Akakohoa, wakaanguka. Prisca akasema, "Huyu asikohoe, magoti yangu yanamjua." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaacha kucheka kabla ya wenzangu, kwa sababu nilikuwa nimekijua kile kikohozi.

Na ninyi mnakijua. Dada yake Prisca aliturekodi kwa simu, akairusha video kwenye kundi la wazazi akidhani ni kichekesho. Kabla ya jua kuzama kila mtu kuanzia hapa hadi Karonga alikuwa ameshasema mfalme wa jangwani ni nani.

Mwalimu Hebroni, nakuapia, sikukuandika. Sikumwambia Gwamaka akohoe, na yeye anasema hakukusudia. Niliandika juu ya mfalme mbaya wa mbali, na katikati ya njia mfalme akaanza kukohoa kama unavyokohoa wewe kabla ya kuzungumza kwenye gwaride la asubuhi. Ningekuwa jasiri ningefuta. Ningekuwa jasiri zaidi ningekuja kukuambia siku ileile. Sikufanya hata kimoja, nikawa napita nyuma ya madarasa ili tusikutane.

Na ulinitenda nini wewe hata nikufananishe na mtu kama yule? Wageni wetu, naomba niseme huyu ni nani, kwa sababu mkisikia habari za mfalme tu mtaondoka na picha ya uongo. Shule hii ilipoanza ilikuwa banda la kukaushia kakao. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuwaomba wazazi wasiwaoze mabinti. Mama yangu alikuwa mmoja wa mabinti hao. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa nikiulizwa swali darasani sauti inakatikia kooni, na walimu wengine, si kwa ubaya, walikuwa wananiruka kwenda kwa mwingine. Mwalimu Hebroni alikuwa anasubiri. Darasa linacheka, kengele inagonga, yeye amesimama na chaki, anasubiri sentensi yangu ifike mwisho. Hotuba hii mnayoisikia ni yeye aliyeisubiri.

Sasa niseme lile linalonitia hofu.

Hii ni mara ya tatu tunamuaga Mwalimu Hebroni. Mara ya kwanza sikuwepo, nimesimuliwa kwamba mlimpa godoro na ng'ombe, mkaimba, na mwishoni watu wakapiga magoti wakamwambia, Baba, usituache. Jumatatu akawa ofisini. Mara ya pili nilikuwepo. Mzee Ambilikile alianza kupiga magoti, wazazi wakafuata, na sisi wanafunzi tukafuata, uwanja mzima. Mimi nililia kwelikweli. Mwalimu alisimama katikati yetu na begi lake mkononi, akatutazama, akatazama barabara. Mnajua kwetu mtu mzima hawapiti watu waliopiga magoti. Lazima awainue. Na utamwinuaje mtu huku unamwambia hapana? Akaweka begi chini, akasema, "Haya, inukeni. Nitakaa kidogo." Tukapiga vigelegele.

Je, mmoja wetu alimwuliza kama alitaka kukaa?

Mwaka huu, mafuriko yalipokata barabara, tulikuta madarasa yote yamefungwa. Funguo anakaa nazo yeye, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwomba za akiba, hata Mwalimu Godwin ambaye ni Makamu wake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Tukasimama kwenye veranda, shule nzima. Kisha tukamwona Mwalimu Hebroni anakuja ndani ya maji, maji yamemfika kiunoni, funguo amezining'iniza shingoni, anapapasa njia kwa fimbo. Alipotufikia, miguu ilikuwa inamtetemeka hata suruali ikawa inacheza. Sisi tukafanya nini? Tulipiga magoti kwenye tope tukamsalimia, na siku nzima tukamsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Hakuna aliyemletea kiti.

Na kuna siku aliniita Anyes. Hilo ni jina la mama. Aliniita hivyo akitabasamu, akaniuliza kama baba yangu ameshakubali nisome. Huyo ni babu yangu, baba wa mama, na alishafariki. Nikaitika. Nikasema, ndiyo Mwalimu, amekubali. Darasa zima lilisikia na hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema kitu nje, kwa heshima. Naomba mnisamehe kwa kulisema hapa mbele ya wageni. Lakini kama heshima yetu ni kunyamaza wakati mzee wetu anachoka mbele ya macho yetu, basi tunamheshimu yeye, au tunajihurumia wenyewe tusije tukabaki bila yeye?

Sisemi mfalme hana hatia. Mfalme Zahuri alipenda zile salamu, na katika igizo mtaona anavyozipenda. Nadhani hata wewe, Mwalimu, ulizipenda kidogo, na nani asingezipenda? Wapo waliosubiri muda mrefu nyuma ya kiti chako mpaka nao wakazeeka. Ila siku moja mazoezini, baada ya waasi kuanguka kwa mara ambayo hata hatuijui, Gwamaka alijinyoosha mgongo pale kwenye kiti cha mfalme akasema kitu ambacho sikukiandika. Alisema, "Ninyi mnachoka kupiga magoti, na mimi nachoka kukaa. Hivi huyu mtu atapumzika lini?"

Ndipo nikaelewa kwamba Harumi nzima ilikuwa imefungwa kwa kamba moja, mfalme na watu wake.

Mwanzoni mwa wiki hii Mwalimu Godwin aliniita. Hakunifokea. Alisema, "Tulinagwe, badilisha mwisho. Mfanye mfalme atubu, watu wampigie magoti, waendelee kuishi kwa amani."

Nikamwuliza, "Mwalimu, kwani mwisho huu ni mbaya?"

Akasema, "Si mbaya. Ila watasema mimi ndiye niliyekutuma."

Mwalimu Godwin, nasema mbele ya wote, hukunituma. Tafadhali usitazame saa, nakaribia kumaliza.

Nyumbani nako mama alikuwa amekwisha kusikia. Aliniambia, "Tuli, mtoto wa nani huyo anayempita mzee bila kumsalimia? Unataka wageni wakienda makwao waseme Anyes hakulea?" Mama yupo pale, safu ya pili, amejifunika khanga mpaka puani, na jibu bado sina.

Basi jana mchana nilikwenda kwa Mwalimu Hebroni mwenyewe. Nilimkuta uani anageuza kakao juani. Nilipiga magoti nikamsalimia, kisha nikabaki palepale chini nikamweleza igizo zima nikiwa natazama mkeka. Hakunikatiza. Alikohoa.

"Huyu mfalme wako," akasema, "anakufaje?"

"Hafi, Mwalimu. Watu wanakataa kumsalimia, basi anainuka anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

Nikamwambia sijui. Igizo linaishia pale anapoinuka.

"Ndiyo maana haondoki," akasema. "Umemfukuza kwenye kiti hujampa pa kwenda. Wenzako wanaanguka magotini kwa sababu wanamwonea huruma. Hata mimi namwonea." Akageuza kakao tena, taratibu, mpaka mwisho wa mkeka. "Kaandike anakokwenda. Halafu chezeni."

Nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema, "Kidogo. Itaisha." Na hapo akanipa ndizi za kumpelekea mama.

Kwa hiyo nimeandika. Mtaona mwisho mpya, ambao wenzangu wameufanyia mazoezi asubuhi ya leo tu, kwa hiyo mkiona mtu amesahau maneno mvumilieni. Watu wanaingia uani wakiwa wima. Mfalme anasubiri salamu, haiji. Anasubiri, haiji. Basi anainuka, mikono mitupu, anauliza ndoo iko wapi, maana katika maisha yake yote hajawahi kuchota maji. Mtoto mdogo anampa ya kwake. Anateka maji, anakunywa, kisha anatoka nje ya ukuta, ambako hajafika tangu zamani, na kwa maji yaliyobaki anamwagilia mche mmoja. Hapo anakaa chini, na kwa mara ya kwanza anazeeka. Anazeeka vizuri, kivulini, watu wanapita wakimpungia mkono na wala hakuna siku inayotoka kwa mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sijui kama igizo hili litafika mwisho huo leo. Watoto walewale wanaoanguka mazoezini ndio watakaopanda hapa, na mzee mwenyewe ameketi mbele yao kabisa. Sijui hata kama kumuaga kwetu kutafika mwisho. Nimesikia, na nadhani wengi tumesikia, kwamba baada ya chakula Mzee Ambilikile ataongoza ombi la kumtaka Mwalimu abaki. Mzee wangu, nakuheshimu, nawe ni babu kwangu. Najua kwa nini unataka kuomba. Hata mimi nataka. Mwakani sitakuwa mwanafunzi hapa na bado ninataka nikipita barabarani nimwone dirishani. Lakini nakuomba, mbele ya watu wote hawa, na kwa sauti hii ndogo niliyonayo: baki kwenye kiti. Ukipiga magoti, sote tutafuata, tumeumbwa hivyo, na yeye atatuinua, na kesho kutwa atakuwa ofisini. Na mvua zitarudi, na maji yatajaa, na tutamwona tena anakuja.

Naomba kuwashukuru walimu kwa miaka yote, wazazi kwa ada mlizozitafuta kwenye mpunga na kwenye kakao na huko mipakani, wenzangu kwa kunivumilia, na Mwalimu Godwin kwa kuniachia kipaza sauti mpaka sasa ingawa angeweza kukizima.

Mwalimu Hebroni, mhitimu anayetoa hotuba huwa anashuka jukwaani kwa ngazi hizi, na ngazi zinapita mbele ya kiti chako. Nimekubaliana na moyo wangu kwamba nitapita wima. Si kiburi, na mama naomba unielewe. Nataka leo uweze kuinuka uende nyumbani bila kumkuta mtu chini amekuzibia njia. Nitakupa mkono tu, kama mtu anayemuaga mtu. Ila naomba msaada wako kwa hili moja, Mwalimu, kwa sababu ninajijua: nikifika mbele yako usikohoe, na usinisalimie wewe kwanza.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Nashuka.